Bangili Isiyoyeyushwa

Leo nimekuja na habari ya bangili mbili, na ninaomba tuzitazame taratibu, kwa sababu zimebeba mambo mengi kuliko uzuri wake.

Zilitengenezwa jozi, moja ya kila mkono. Kila bangili ina nyuzi tatu za almasi zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na nyuzi hizo zinakutana kwenye kishikizo kipana chenye almasi kubwa zaidi. Ukizihesabu zote mbili unapata almasi 112, zilizopachikwa kwenye fedha na dhahabu. Zinaweza pia kuunganishwa zikavaliwa shingoni kama kidani. Tarehe 9 Novemba 2021 zilinadiwa mjini Geneva, Uswisi, na nyumba ya mnada ya Christie's. Wenye mnada walikadiria kwamba zitapata kati ya faranga za Uswisi milioni 2 na milioni 4. Zilinunuliwa kwa faranga milioni 7.46, yaani zaidi ya dola milioni 8 za Marekani. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, aliyekatwa kichwa mjini Paris tarehe 16 Oktoba 1793.

Watu wengi waliishangaa bei. Mimi nilishangaa kwamba bangili zenyewe bado zipo.

Dhahabu haishiki kutu wala haiozi. Ukiipandisha joto la nyuzi 1,064 inakuwa maji, na ikipoa ni dhahabu ileile. Almasi nayo ukiing'oa kwenye bangili inabaki almasi. Kwa hiyo kila kizazi kinachorithi pambo la namna hii kinajaribiwa upya. Mtindo umepita, binti hataki kuvaa vitu vya bibi yake, mdai anabisha hodi, ndugu wanne wamekaa kikao cha mirathi. Bangili moja haigawiki kwa watu wanne, lakini dhahabu iliyoyeyushwa inapimika kwa gramu na almasi zinahesabika moja moja. Meza ya mbao ya mwaka 1776 ukiivunja unapata kuni. Bangili ya mwaka huohuo ukiivunja unapata mali. Ndiyo maana mapambo yaliyokuwa ghali kuliko yote ndiyo yaliyopotea kwa wingi, na yaliyosalia yalisalia kwa sababu kila mara alitokea mtu aliyekataa kuyapeleka kwenye mizani.

Sasa turudi mwaka 1776. Marie Antoinette ana miaka 20, na umalkia wake una miaka miwili tu. Sonara wa Paris aitwaye Charles Auguste Boehmer anamuuzia bangili hizi kwa livre 250,000, sarafu ya Ufaransa ya wakati ule. Malkia hana fedha za kutosha mkononi. Anatoa baadhi ya vito vyake mwenyewe viwe sehemu ya malipo, kisha anamwendea mumewe, Mfalme Louis wa 16, amsaidie. Habari zikafika Vienna kwa mama yake, Maria Theresa, mtawala wa Austria, mwanamke aliyekuwa na macho na masikio kila mahali. Mama akamwandikia barua kali. Alimwambia kwamba malkia hujishusha heshima anapoandama mapambo ya namna ile, na alimwonya asilipoteze jina zuri alilolipata mwanzoni.

Mama alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka mmoja kabla, katika majira ya kuchipua ya 1775, bei ya nafaka ilikuwa imepanda, na watu wa Paris na vijiji vya jirani waliingia masokoni, kwenye vinu na kwenye maduka ya mikate kudai unga. Wafaransa waliyaita machafuko hayo vita vya unga. Sitaki kuipamba bangili hii ikawa kitu cha heri tupu. Iliingia ikulu mwaka mmoja tu baada ya mkate kuwashinda watu. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kutaka ibaki kama ilivyo, kwa sababu ukiiyeyusha unafuta pia ushahidi wa alichokivaa malkia miaka ile.

Hapa nawaomba mnivumilie niingie kwenye kisa kingine cha sonara huyohuyo, maana bila kisa hicho hatuwezi kuelewa bahati ya bangili hizi.

Boehmer alikuwa na mshirika wake, Bassenge. Wawili hao walitengeneza kidani kikubwa ajabu, chenye almasi 647 na uzito wa karati zipatazo 2,800. Walitumaini Mfalme Louis wa 15 angekinunua kwa ajili ya kimada wake, Madame du Barry. Mwaka 1774 mfalme akafa kwa ndui, na masonara wakabaki na kidani mikononi na madeni mgongoni. Walimpelekea Marie Antoinette, akakataa. Kisha akatokea mwanamke aitwaye Jeanne de La Motte, aliyemlaghai Kadinali de Rohan akaamini kwamba malkia anakitaka kidani kile kwa siri na anamwomba yeye awe mtu wa kati. Mwanzoni mwa 1785 kadinali akakichukua kwa ahadi ya kulipa livre milioni 1.6 kwa awamu, akakikabidhi kwa watu aliodhani ni wa malkia.

Kidani kilivunjwa. Mawe yaling'olewa, na mume wa yule mwanamke akavuka nayo hadi London akayauza. Kesi iliyofuata iliitikisa Ufaransa nzima. Malkia hakuhusika, lakini jina lake halikusafika tena, kwa kuwa watu walikwisha kumjua kama mpenda almasi. Leo kidani chenyewe hakipo. Tunayo michoro, na nakala zilizotengenezwa baadaye kwa mawe ya bandia. Zile almasi 647 huenda zimo hadi leo kwenye pete na hereni za watu ambao hawana habari kabisa, kwa sababu almasi iking'olewa haibaki na jina la ilikotoka.

Basi mtaona. Sonara ni yuleyule, mji ni uleule. Kidani kilichokuwa ghali mara sita kuliko bangili zetu kilimalizwa na watu wenye haraka. Bangili ziliokolewa na sanduku la mbao.

Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789, familia ya mfalme ililetwa Paris kutoka Versailles ikakaa katika kasri la Tuileries chini ya ulinzi. Mwanzoni mwa mwaka 1791 malkia alifanya uamuzi wa kuvitoa vito vyake nchini kabla yeye mwenyewe hajajaribu kutoroka. Madame Campan, aliyemhudumia malkia chumbani, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi walivyojifungia wakavifunga vito kwa pamba na kuvitia kwenye sanduku. Jaribuni kuwaona wanawake hao wawili, mmoja malkia na mwingine mtumishi wake, wakizungusha pamba kwenye almasi huku wakisikiliza nyayo za walinzi mlangoni. Sanduku lilipelekwa Brussels, likawa chini ya uangalizi wa Mercy-Argenteau, balozi wa zamani wa Austria mjini Paris na mtu mwaminifu kwa malkia tangu alipokuja Ufaransa akiwa msichana. Kutoka hapo likafika Vienna.

Vito viliwahi. Wenyewe hawakuwahi. Familia ilikamatwa njiani huko Varennes mwezi Juni mwaka huohuo ikarudishwa Paris. Mfalme aliuawa Januari 1793, malkia Oktoba. Mtoto wao wa kiume alifia gerezani mwaka 1795 akiwa na miaka 10. Aliyebaki alikuwa binti, Marie-Thérèse. Aliachiwa Desemba 1795, siku alizokuwa akitimiza miaka 17, na Januari iliyofuata aliwasili Vienna kwa ndugu wa mama yake.

Kabla hajafika, mwaka 1794, mtawala wa Austria wa wakati huo, Kaizari Franz wa 2, alikuwa ameamuru sanduku lifunguliwe na kila kilichomo kiandikwe. Nasimama kidogo kwenye orodha hiyo, maana nadhani ina uzito sawa na sanduku lenyewe. Kipande namba 6 katika orodha ni jozi ya bangili za almasi. Mwandishi alieleza vishikizo vyake na mpangilio wa mawe kwa namna ambayo, miaka zaidi ya 200 baadaye, mtaalamu wa mnada aliweza kushika karatasi ile mkono mmoja na bangili mkono mwingine na kusema ndizo. Mwaka 1816 mchoraji Antoine-Jean Gros alimchora Marie-Thérèse, na katika picha hiyo anaonekana amevaa bangili zinazofanana na hizi. Huyu binti hakuzaa. Alipofariki mwaka 1851 vito vyake vilipita kwa watoto wa ndugu wa mumewe, na bangili zikaingia katika ukoo uliotawala Parma, Italia. Zilipofika mnadani Geneva zilikuwa ndani ya kisanduku cha mahameli ya buluu chenye kibandiko kilichoandikwa kwamba ni bangili za Malkia Marie Antoinette.

Pamba, orodha, picha, kibandiko. Ukiniuliza kwa nini makadirio ya milioni 4 yalipitwa hadi yakafika 7.46, nitakuonyesha hivyo vinne. Almasi za uzito ule zipo nyingi duniani, na zilizong'aa zaidi zipo pia.

Tuziangalie basi almasi zenyewe, kwa sababu hapo ndipo ufundi wa zamani unapoonekana. Mwaka 1776 Afrika Kusini ilikuwa haijatoa almasi hata moja sokoni. Hilo lilianza mwaka 1867. Almasi za Ulaya wakati ule zilitoka India, na tangu miaka ya 1720 zikatoka Brazili pia. Aliyezikata hakuwa na mashine ya kupima pembe. Alitumia mkono, jicho, gurudumu la chuma na unga wa almasi uliochanganywa na mafuta. Alilifuata jiwe lilivyokuja kutoka ardhini, akijitahidi kupoteza kidogo iwezekanavyo. Ndiyo maana almasi ya zamani ina kona zilizoviringika, kimo kirefu, uso wa juu mdogo, na ncha ya chini iliyokatwa bapa, hata ukiitazama kwa juu unaona kama kitundu katikati. Iliandaliwa kwa mwanga wa mishumaa. Chini ya taa kali za dukani huonekana imepoa ikilinganishwa na almasi ya leo. Iweke karibu na mwali wa moto, ndipo itakapotoa rangi zake kwa mapana, nyekundu, kijani, buluu, polepole kwa kadiri mkono unavyotembea.

Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za kuonyesha pembe gani zinafanya almasi irudishe mwanga mwingi zaidi. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Lakini baada yake almasi nyingi za kale zilirudishwa kwenye gurudumu zikakatwa upya ili zifanane na mpya, na kila zilipokatwa zilipungua uzito, na mkono wa fundi wa kwanza ukafutika. Mtu wa Tanzania anaweza kulipima hili kwa jiwe la nyumbani. Mwaka 1947 katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, mgodi wa Mkanada John Williamson, ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza. Baada ya kukatwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda kwenye vumbi, na hapo ilikatwa mara moja tu. Jiwe la kale linalokatwa mara ya pili linalipa tena.

Kuna pia suala la fedha na dhahabu kukaa pamoja. Mafundi wa zamani walipachika almasi kwenye fedha, kwa kuwa weupe wa fedha hauliambukizi jiwe rangi ya manjano. Nyuma ya fedha wakatia dhahabu, kwa sababu fedha huwa nyeusi na ikigusa ngozi au kitambaa huacha doa. Platini ilikuja kuchukua kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo ukiona pambo la almasi ambalo mbele yake lina madini yaliyofifia kuwa ya kijivu na mgongoni dhahabu, usikimbilie kuling'arisha. Mgongo wa pambo la kale una maneno mengi kuliko uso wake. Tangu mwaka 1838 dhahabu ya karati 18 ya Ufaransa imekuwa ikigongwa alama ndogo ya kichwa cha tai. Bangili ya Uingereza yenye alama ya karati 15 ilitengenezwa kati ya 1854 na 1932, kwani kabla na baada ya hapo daraja hilo halikutambuliwa na sheria yao. Alama hizo ni ndogo kuliko punje ya mtama, na fundi mwenye pupa huziondoa kwa dakika moja.

Nimesema kwamba pambo husalia kwa sababu mtu amekataa kulivunja. Serikali nayo inaweza kuwa huyo mtu, na inaweza kuwa kinyume chake. Mwezi Mei 1887 Jamhuri ya Ufaransa ilipiga mnada vito vya taji, ikitaka kuhakikisha kwamba hakuna mfalme atakayerudi kuvivaa. Wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa vito, na sehemu kubwa ya mapambo yaliyotengenezwa kwa karne kadhaa ilivunjwa ikauzwa jiwe moja moja. Baadaye Ufaransa hiyohiyo ilianza kuvitafuta na kuvirudisha kwa fedha nyingi. Bruchi kubwa ya Eugénie, aliyekuwa kaizarina wa Ufaransa, yenye umbo la fundo la utepe iliuzwa katika mnada ule, ikaenda Marekani, na mwaka 2008 makumbusho ya Louvre yakainunua tena. Miaka 121 ilikaa nje ya nyumba yake, na ilirudi nzima.

Tarehe 19 Oktoba 2025, Jumapili asubuhi, wezi walipanda kwa lifti ya mizigo hadi dirisha la ukumbi wa Apollo ndani ya Louvre, wakavunja makabati ya vioo, wakaondoka na mapambo 8, bruchi ile ikiwa mojawapo. Taji la Eugénie waliliangusha nje likapatikana limeharibika. Wenye mamlaka walitaja hasara ya euro milioni 88, lakini hofu ya wataalamu tangu saa za kwanza ilikuwa ya mambo yaleyale yaliyokipata kidani mwaka 1785, kwamba mawe yangeng'olewa na dhahabu ikayeyushwa kabla polisi hawajafika. Pambo linalojulikana dunia nzima haliuziki likiwa zima. Mwizi anaona karati na gramu tu, na naumia kusema kwamba mara nyingine hata mrithi halali huona hivyohivyo.

Hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi. Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, dhahabu ya mwanamke ni akiba yake. Ni ada ya harusi, ni dawa siku ya ugonjwa, ni karo ya mtoto. Wanawake wamezinusuru nyumba zao kwa bangili walizozivua mkononi, na simlaumu hata mmoja. Ninachokiomba ni kwamba kabla bangili haijawekwa kwenye mizani ya sonara, mtu aitazame. Sonara anayenunua kwa kuyeyusha hulipa uzito wa dhahabu. Vijiwe vidogo mara nyingi huvipunguza kwenye uzito, na kazi ya fundi aliyeitengeneza haiingii kwenye hesabu hata kidogo. Ikiwa bangili ni ya miaka 80 au 100, ikiwa ina nakshi iliyochongwa kwa mkono, ikiwa ina almasi zenye kile kitundu cha katikati, unaweza kuwa unauza kitu kimoja na kulipwa bei ya kingine.

Najua kuna anayesema moyoni, mtaalamu huyo nitampata wapi, nami nina shida leo. Basi anza na simu yako. Piga picha ya mbele, ya mgongo, ya kishikizo na ya kila alama unayoiona. Uliza bei kwa masonara wawili, na umwambie kila mmoja akupe bei mbili, bangili ikiyeyushwa na bangili ikiuzwa nzima. Ukilazimika kuuza, uza ikiwa nzima kwa mtu atakayeivaa. Usipolazimika, andika karatasi. Jina la aliyeivaa kwanza, mwaka wa harusi yake, nani alimpa, sonara gani alitengeneza na wa mji gani, ikafikaje kwako. Muulize shangazi au bibi leo, akiwa bado anakumbuka, kisha karatasi ikae ndani ya kisanduku kilekile cha bangili.

Na wale ambao bangili zao zimelegea, bawaba imelika au jiwe linacheza, hiyo si sababu ya kuyeyusha. Fundi mzuri anaweza kutia pini mpya kwenye bawaba, kuinua makucha yanayoshika jiwe, na kuongeza kijicheni cha usalama pembeni ya kishikizo. Mwambieni tu asiguse alama zilizogongwa kwa ndani, na akimaliza aisafishe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki wa nywele laini, bila kuipitisha kwenye mashine.